Harufu ya Ndizi Kwenye Gurudumu la Nyuma

Ukitaka kumkasirisha Kamaldine, usihangaike kumtukana, maana atakucheka. Mwambie tu kwamba gari lake ni bovu. Hapo atakushika mkono katikati ya soko la Kasongo, pikipiki zikupigie honi kushoto na kulia, naye atakuhesabia ukoo wa gari lile kipande kwa kipande: injini ilitoka Bukavu, milango ilitoka Kalemie, viti vilichongwa na seremala wa Nyangwe, na roho, wallahi, roho ameitia yeye mwenyewe kwa mikono yake.

Ni pikapu kuukuu. Rangi yake ya kwanza hakuna anayeikumbuka. Juu ya kioo cha mbele ameandika kwa mkono wake KAWIA UFIKE, herufi kubwa, F imepinda kidogo kwa sababu siku ile mvua ilimkuta ngazini. Watu wa Kasongo nao, midomo yao si unaijua? Wakiliona linapita wanasema, "Kukawia tumeona. Kufika bado."

Kamaldine alizaliwa Nyangwe, mtoto wa mvuvi. Mtumbwi aliukataa mapema kwa sababu, asemavyo, mtumbwi hauna gia. Akaenda kujifunza udereva kwa kubeba watu na mizigo njia ya Kabambare, enzi ambazo wachimba dhahabu kutoka Kivu walikuwa wanapanda gari na masepeto yao, matope mpaka masikioni, wakibishana lugha tatu kwa wakati mmoja. Ni mtu mfupi, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na sauti kubwa kuliko mwili wake. Swala zake haziachi, ingawa ya alasiri mara nyingi humkuta mgongo chini, macho kwenye matumbo ya gari.

Mke wake, Dorothée, mama wa binti yao Mounira, ni Mkatoliki. Ndoa yao ilisemwa sana mwanzoni, pande zote mbili, halafu watu wakachoka, wakatafuta ya wengine. Kila Jumapili Kamaldine humpeleka kanisani na kumngojea nje, kioo kimeteremshwa. Anasema anapunga hewa. Uongo mtupu! Anasikiliza kwaya. Katika sauti zote zile anaijua ya mke wake kama unavyoijua hatua ya mtu wa nyumbani kwako. Siku moja muadhini alimkuta chini ya gari akivumisha Gloria, akainama na kumuuliza, "Kamaldine, umebadili dini?" Akajibu bila kutoka, "Mimi sijabadili. Ni mdomo tu ndio umesahau."

Sasa, Dorothée alikuwa ameimba safu ya pili miaka mingi, akiwaitikia wengine, mpaka mwalimu Célestin, kiongozi wa kwaya, alipompa wimbo wa kuongoza yeye mwenyewe, peke yake, wengine wakimwitikia. Wimbo huo aliufanyia mazoezi jikoni, mtoni, kitandani. Majirani waliujua. Kuku waliujua. Lakini mbele ya watu hakuwahi kuuimba. Mara ya kwanza walikuwa wanakwenda Kabambare kwa upadrisho, Kawia Ufike akavunja springi, wakafika watu wanaosha masufuria. Mara ya pili ilikuwa Nyangwe, betri ikafa njiani, na wimbo ule ukaimbwa na dada mmoja aliyetangulia kwa baiskeli. Tena aliuimba vibaya, jambo lililomuuma Dorothée kuliko kama angeuimba vizuri.

Ndipo ikatangazwa sikukuu ya parokia kule Wamaza, kwaya zote za sehemu zimealikwa. Jioni ile Dorothée aliweka sahani ya mumewe mezani, akakaa, akakunja mikono.

"Baba Mounira, sikia vizuri. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili nililia. Kama hii nayo nimefika watu wanaosha masufuria, mie naacha. Siimbi tena. Hiki kitenge cha kwaya nitamupa Mounira akafutie mutoto kinyesi."

Kamaldine aliacha kutafuna. Anamjua mke wake: akisema atafanya, amekwisha kufanya. Na nyumba yao, tangu alfajiri maji yanapochemka mpaka taa inapozimwa, inaendeshwa na sauti ile. Alijaribu kuifikiria kimya, akaona kama anaingia nyumba ya watu wengine. Akaogopa kweli.

"Mama Mounira, utaimba Wamaza," akasema. "Hata kama nitalibeba hili gari mugongoni."

"Heri ubebe mie," Dorothée akajibu, akaondoa sahani kabla hajamaliza.

Wiki nzima Kamaldine alilala chini ya gari. Akafunga springi mpya, akabadili nyaya za betri, akapuliza chujio, akakaza kila kilichokubali kukazwa. Sehemu moja tu hakuigusa, ponti ya nyuma, kwa kuwa ponti ile haikuwahi kumsumbua, na kitu kisichokusumbua nani ana muda nacho?

Hapa lazima yasemwe yanayojulikana na kila dereva wa njia ile, ingawa kila mmoja akiulizwa atakana. Ponti ni ule mfupa mnene wa chuma unaolala baina ya magurudumu mawili ya nyuma, na ndani yake panatakiwa mafuta mazito ya dukani. Mvua ikishika barabara, malori hayafiki na mafuta yale hayaonekani. Mawese je? Mawese yapo kila nyumba, mekundu, mazito, yanateleza vizuri. Basi watu wanamimina mawese kwenye ponti, wanasema bismillahi au kwa jina la Baba, kila mtu na yake, na gari linakwenda. Linakwenda mwezi, linakwenda miwili. Kamaldine naye alimimina. Baadaye akasahau.

Siku ya safari waliondoka kabla ya chai. Kwaya nzima ilijipanga nyuma ya pikapu na vitenge vyao vya buluu, ndugu na dada wamebanana. Dorothée alikaa mahali pake pa siku zote, juu ya gurudumu la akiba, upande wa kushoto kabisa. Pembeni yake alikuwa Régina, rafiki yake wa tangu utoto, na mbele ya miguu ya Régina bidoni mbili za mawese, mchango wa Kasongo kwa jiko la sikukuu.

Kabla hawajaanza, Dorothée aliinama, akatazama chini.

"Baba Mounira, hii gurudumu iko inatoka mafuta."

Kamaldine akaja, akaona. Kweli, upande wa ndani wa gurudumu la kushoto kulikuwa na doa jekundu, limekwisha shika vumbi. Akaligusa kwa kidole, akanusa, akacheka.

"Mawese! Ni bidoni za Régina hizo."

"Bidoni zangu hazivuji!" Régina akang'aka. "Nimezifunga na nailoni mara tatu."

"Shemeji, kila bidoni inavuja, hata ile inayoapa."

Watu wakacheka, Régina akamrushia sonyo la urafiki, na mambo yakaishia hapo. Gari gani la Kasongo halina doa la mawese? Pengine mahali pengine dereva angeona mafuta kwenye gurudumu akaruka. Huku kwetu anauliza tu bidoni ni ya nani.

Wakaenda. Barabara ilikuwa na madimbwi, si mengi ya kutisha. Walipishana na baiskeli zilizobeba mihogo mpaka mwenye baiskeli haonekani, na watoto waliokimbia nyuma wakiimba kiitikio wasichokijua. Mwalimu Célestin alikaa mbele na Kamaldine, lakini mkono wake ulikuwa nje ya dirisha, anapiga mapigo ya wimbo juu ya paa. Nyuma walikuwa wanafanya mazoezi ya mwisho. Kamaldine alisikia mngurumo fulani mzito, wa chini, unaopanda na kushuka. Akadhani ni Placide. Placide ni kijibaba cha kifua kipana, aliyekuja kutoka upande wa Bukavu kuchimba dhahabu, akaikosa dhahabu akapata kwaya, na ndiye besi yao.

"Placide leo ameamka vizuri," Kamaldine akasema.

"Anavuta sana," Célestin akalalamika. "Nitamurekebisha tukifika."

Masikini Placide wa watu! Wakati huo alikuwa amesinzia.

Harufu ikaja walipomaliza kupanda kilima cha mwisho. Ndizi. Ndizi za kukaanga kwa mawese, zile zilizoiva kabisa, zenye sukari inayoungua pembeni. Ilianza kidogo, ikazidi, mpaka matumbo ya kwaya, ambayo hayakuona chai tangu alfajiri, yakaanza kuimba yenyewe.

"Shemeji Kamaldine!" Régina akagonga kioo cha nyuma. "Umeficha jiko humo ndani? Tupatie sisi nasi!"

"Na chumvi!" mwingine akadakia.

Kamaldine alicheka kwa sauti, maana harufu ilikuwa tamu kweli, naye pia njaa ilikuwa inamuuma. Alitazama kushoto kutafuta moshi wa nyumba. Msitu. Akatazama kulia. Msitu. Kicheko kikamkauka mdomoni. Hapakuwa na nyumba wala mama wa kukaanga, na mawese hayakaangi chochote mpaka yapate moto. Moto ulikuwa wapi? Akaondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta, akasikiliza. Kwaya ilikuwa imeacha kuimba kwa ajili ya kuzungumzia ndizi, lakini besi ya Placide bado ilinguruma. Halafu akausikia mkia wa gari ukiyumba, kushoto, kulia, kushoto, kama bata anayerudi mtoni.

Mbele yao barabara ilishuka moja kwa moja mpaka kwenye daraja la miti, lile lisilo na ukingo, na maji ya mvua chini yake yana rangi ya chai ya maziwa. Ng'ambo ya daraja ni kilima kimoja tu, kisha Wamaza. Ngoma za sikukuu zilikuwa zinasikika wazi.

"Mwendo, Kamaldine, mwendo!" Célestin akapiga paa. "Misa imeanza! Tunasikia ngoma!"

Kamaldine akatazama kioo. Dorothée alikuwa amefumba macho, midomo inacheza bila sauti. Alikuwa anaimba wimbo wake, mazoezi ya mwisho, peke yake, katikati ya watu wanaocheka. Gari lilikuwa linakwenda. Hilo ndilo lililomchoma. Halikuzima, halikuvunjika kitu, lilikuwa linakwenda, na labda lingeshuka, na labda lingevuka, na mke wake angeimba. Labda. Dorothée alikuwa amekaa juu kabisa ya gurudumu lile la kushoto, lenye doa jekundu.

Akarudisha gia ndogo, akalivuta gari pembeni taratibu mpaka likaegemea ukuta wa udongo, akazima injini.

Kisha sauti ya Dorothée kutoka nyuma, neno moja tu.

"Tena?"

Akashuka na viatu mkononi. Akaja mpaka mbele ya mumewe. "Nini imevunjika?"

"Hakuna kilichovunjika."

"Inakwenda?"

"Inakwenda."

"Sasa tunasimama kwa nini, Baba Mounira? Kwa nini? Siku ya leo!"

Kamaldine akageukia nyuma ya gari. Akamwonyesha kwa kidole. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limetoka nje ya bodi upana wa kiganja. Mawese yalikuwa yanachuruzika kutoka ndani, yakianguka juu ya chuma cha moto na kuchemka, fiii, fiii, na harufu ile tamu ikipanda.

Akawaambia wote washuke, akatia mawe chini ya magurudumu mengine, akaweka kriki, akalinyanyua gari. Kisha akalishika gurudumu kwa mikono miwili na kulivuta, si kwa nguvu. Likaja. Likaja na chuma chake kirefu nyuma yake, kilichokuwa kimeingia ndani ya ponti, kama muhogo uliokomaa unavyotoka kwenye udongo laini, mpaka Kamaldine akabaki amekumbatia gurudumu na mzizi wake wote.

Chuma kile hakina kufuli. Kinachokizuia kisichomoke ni pete moja tu, imebanwa juu yake kwa nguvu nyuma ya rulema, yaani beringi ya gurudumu, na ile rulema, kwa kunyweshwa mawese tu, ilikuwa imekauka na kuungua, ikapata moto, na pete ikalegea. Sasa pete ilikuwa inateleza juu ya chuma, huku na huku, kwa kidole kimoja. Pete ikilegea gurudumu halipasuki wala halipigi kelele. Linaaga kidogo kidogo. Linaondoka na breki zake.

Wote walikuwa wameligeukia daraja kule chini.

"Yesu wangu," Régina akasema mwishowe. "Na mie nilikuwa naomba chumvi."

Placide, macho yamemtoka, usingizi umemwisha, akaanza kucheka, na kicheko chake kikawashika wote. Célestin akafanya ishara ya msalaba. Kisha, kwa kuwa mwalimu ni mwalimu, akatazama saa.

"Kwa miguu," akasema. "Tukikaza, pengine. Ndugu wa besi, chukueni mawese."

Kamaldine hakuweza kwenda. Gari likiachwa peke yake njia ile, ukirudi unakuta KAWIA peke yake, UFIKE amekwenda na kioo. Akamtazama mke wake. Dorothée hakumtukana, hakulia. Alijifunga kitenge vizuri, akaweka viatu kichwani, akaanza kushuka na wenzake bila kuaga. Kamaldine angependa atukanwe. Matusi angeyajibu.

Akakaa juu ya jiwe na gurudumu lake. Akauangalia mstari wa buluu ukishuka, mdogo, mdogo zaidi. Aliomba dua zote alizozijua, akaongeza mbili alizozizua, kwamba padri ahubiri kirefu. Padri wa Wamaza anajulikana kwa mahubiri mafupi. Kamaldine alimlaumu kwa hilo, mtu wa watu asiye na kosa.

Darajani mstari ulisimama. Akanyanyuka. Mtu ameumia? Kulikuwa na shughuli fulani, watu wanasogea, wanajipanga. Halafu kikatoka kitambaa kimoja cha buluu mbele ya vingine, kikageuka kuelekea kilimani, kwake, na sauti ikapanda.

Ilikuwa wimbo wenyewe. Si mazoezi, si wa jikoni. Dorothée aliufungua wote, kuanzia chini, akaupandisha juu ya maji na miti, na bonde likaubeba mpaka ukamfikia Kamaldine pale aliposimama, mikono myekundu kwa mawese. Aliusikia kila neno. Akasikia mahali anapovuta pumzi. Kwaya ikamwitikia, Placide kweli safari hii, na Kamaldine akalia wazi wazi, mtu mzima, hakuna wa kumwona isipokuwa mbuzi wa nani sijui. Ubeti mmoja tu. Kisha wakageuka, wakavuka daraja, wakakimbia.

Alasiri pikipiki ya Bienvenu, kijana anayebeba abiria njia ya Wamaza, ilikuja ikinguruma kutoka bondeni. Nyuma yake alikaa Dorothée, vumbi mpaka kwenye nyusi, ameshika sufuria iliyofungwa kitambaa.

"Mukubwa Kamaldine!" Bienvenu akapiga kelele kabla hajasimama. "Wewe hukuona! Walifika watu wanataka kuondoka, padri anakunja nguo. Mama akaimba. Watu wakarudi ndani, wakasimama mpaka juu ya benchi! Kuna wazee walilia!"

"Walilia?" Kamaldine akasema, anajifanya kukagua rulema. "Basi hao wamelilia makombo. Chungu kilifunuliwa hapa."

Dorothée akageuza uso, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Kamaldine akampa Bienvenu pete mbovu na rulema iliyoungua amwonyeshe fundi wa Kasongo, apate nyingine za saizi ile ile. "Na mafuta ya ponti, Bienvenu! Mafuta ya kweli, hata kama utayatafuta mpaka Kindu. Ukiniletea mawese nitakukaanga nayo." Bienvenu akaahidi, akaondoka akicheka.

Wakabaki wawili. Dorothée akafungua sufuria, wali na kuku wa sikukuu, akamwagia mumewe maji mikononi. Mawese hayakutoka. Akamwagia tena.

"Umekasirika bado?" Kamaldine akauliza.

"Nilikasirika mpaka darajani," akasema. "Nikakanyaga ile miti, nikaangalia chini kwa maji, nikaona mahali tungeanguka. Ile safari ya Kabambare, gari ilikataa. Ile ya Nyangwe, ilikataa. Leo gari ilikuwa inakwenda, Baba Mounira. Ni weye ulikataa."

Kamaldine akasogea kidogo kwenye jiwe ili mke wake apate nafasi, na wakala kutoka sufuria moja.